Koko Hakuwa Mgonjwa

Nabintu mwanangu,

Mmekwenda Kavimvira, wewe na mama yako, kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako hatawaachilia kabla hamjala. Nimebaki peke yangu na begi lako hapa mlangoni. Nimelifungua, nimelitazama, nimelifunga tena. Usikasirike. Usentineli, kazi hii ya ulinzi, haumtoki mtu kwa sababu leo ameomba ruhusa kazini.

Mambo ya safari mama yako ameshakuambia: maji ya kunywa, nguo za baridi za kwenye meli, nani ukae karibu naye na nani umkwepe. Sitayarudia. Nataka kukuandikia habari za Madamu Odile, kwa sababu kesho meli inakupeleka kwake Kalemie, na mimi mpaka saa hii nimemwamini nusu tu. Nusu ile nyingine ndiyo inayoandika barua hii.

Tangu hujazaliwa ninalinda depo ya sementi pale bandarini Kalundu. Mtu anayelinda sementi hujifunza kuwatazama watu kwa namna yake. Anayekuja na salamu ndefu, mimi namtazama mikono. Anayesema amepotea njia, namuuliza anatoka wapi kabla sijamwonyesha anakokwenda. Basi siku uliponiambia kwamba kuna mwanamke Kalemie, anayetengeneza video kwa kazi yake, na kwamba ataangalia michoro yako bila kudai kitu, nilijua kuna jambo.

“Anataka nini?” nilikuuliza.

“Hataki kitu, Baba. Iko naangalia tu, halafu atanionyesha makosa.”

“Hakuna muntu anaangaliaka bure.”

Ulirudi kuchonga penseli yako. Wewe ukiacha kubishana najua umeshaamua.

Vijana wa parokia ndio waliokuomba ile kazi. Walitaka video fupi juu ya mto Mulongwe, ionyeshwe kabla ya mvua, ili watu wa kwetu wajue wakati wa kutoka nyumbani na wapi pa kukimbilia. Ulianza kuchora nyuma ya kalenda za zamani, kisanduku baada ya kisanduku, kila kisanduku picha moja ya video, na chini yake maneno: nani anasema, kamera inasimama wapi. Ukasema jina lake ni storibodi. Mama yako aliviita visanduku vya Nabintu. Mimi nilivipenda, ingawa sikusema. Kisanduku cha kwanza kilikuwa Uvira yote ikionekana kutoka mlimani, mabati yanang’aa, ziwa limelala, milima ya Burundi kule ng’ambo. Nilifikiri hata mtu wa Ulaya angelipa kuona picha ile.

Nikakuambia umtumie nusu tu. Nilisema akitaka kuiba, aibe nusu. Ukatii, ukampigia picha nusu ya visanduku kwa telefone. Jibu lilikuja kwa sauti, ya mwanamke mwenye mafua, na nyuma yake jogoo anawika. “Dada, umenitumia hadithi iliyokatwa kiunoni. Siwezi kuisaidia hivi. Ukiniogopa, hiyo si kitu, tafuta mwingine unayemwamini. Lakini yeyote utakayempa, mpe yote.” Nakumbuka nilikwambia sauti inaweza kuazimwa, na kwamba mwanaume mwenye akili mbaya hashindwi kumpata dada wa kumsemea kwenye telefone. Ulimtumia yote hata hivyo. Nililijua siku ile ile, kwa sababu uliacha kunikwepa macho.

Halafu maneno yake yakaanza kuja, na wewe ukayasikiliza umeketi kwenye ngazi ya nyuma, penseli mkononi, na mimi ndani nikijifanya nashona kiatu.

Kuhusu Uvira yako iliyolala alisema ni nzuri sana, na kwamba itupwe. “Watu wataangalia kwenye telefone ndogo, ya kuazima, yenye kioo kilichopasuka. Mji mzima utaonekana kama uchafu wa kioo. Nipe kitu kimoja kikubwa. Kabla maji hayajafika, mtu wa kwenu anasikia nini?” Ukamjibu, mawe. Mulongwe ukishuka vibaya mawe ndiyo yanatangulia kusemezana. “Basi anza na hayo. Giza, na mawe.” Nikamchukia kidogo, kwa sababu ile sauti ya mawe ilikuwa yetu na yeye hakuwapo.

Kuhusu ule mshale uliouchora kuonyesha njia ya kupanda, alisema watu wengine watadhani ni mto unakotoka. Kuhusu maneno alisema ni mengi. Na kuhusu yule baba mwenye kofia, anayesimama katikati ya video na kueleza hatari za mto, alisema, “Ondoa baba huyu. Anahubiri. Anaeleza kitu ambacho maji yameshakieleza.”

Ulicheka. Najua hukukusudia. Lakini yule baba ulikuwa umemchorea kofia yangu ya depo, na masikio yangu, na namna ninavyoweka mikono kiunoni. Nilitoka nje. Mama yako anasema nilikaa uani namsema huyo mwanamke mpaka kuku wakaenda kulala. Nilisema anataka kutuondoa sisi wenyewe ndani ya hadithi yetu, na akishatuondoa ataweka watu wake, na video itakuwa yake. Wewe ulinisikia. Hukumfuta yule baba siku ile, wala hukumrudishia Madamu jibu.

Sasa nifike kwa Koko.

Unamkumbuka bibi yako, lakini mambo mengine yalitokea kabla yako. Katika miaka ile ya kukimbia, jioni moja watu walipita wakipiga kelele kwamba adui ameingia, tokeni, tokeni. Mama yangu alitoka na sisi watoto, tukapanda kwa miguu mpaka upande wa Lemera. Tuliporudi, nyumba haikuwa na paa. Waliotupigia kelele tukimbie ndio waliobaki nyuma wakichomoa misumari. Aliuza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, miaka na miaka, bati baada ya bati, mpaka paa likarudi. Tangu hapo mtu akipiga kelele nje, yeye alikuwa anafunga komeo.

Siku Mulongwe uliposhuka na mawe, mimi nilikuwa depo, wewe na mama yako sokoni. Mama Byamungu, jirani yetu, alikimbia mlango hadi mlango. Kwa Koko alipiga, akaita, akapiga. Koko alijibu kutoka ndani, “Ondoka! Minye nawajua nyinyi!” Maji yalipomfika Mama Byamungu kiunoni, na mtoto mgongoni, ilibidi aondoke. Ukuta ulianguka. Mengine unayajua, ulikuwa umenishika shati tulipomtoa.

Watu wa kwetu wana midomo. Kwenye kilio chenyewe nilisikia mtu anasema, alikufia mabati. Kwa hiyo ulipofika kwenye kisanduku cha bibi, nilikuomba umchore kitandani, mgonjwa, asiyeweza kuinuka. Mtu hamcheki mgonjwa. Ulinitazama kitambo, ukamchora kitandani.

Madamu Odile alikifikia kisanduku kile siku nyingi baada ya vile vingine. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, sikujificha tena.

“Dada, huyu bibi simwamini. Umeandika ni mgonjwa, lakini mkono uliomchorea ni mkono wa mtu mwenye nguvu. Unashika kitu. Mtu mwenye mkono huu angetoka. Kuna kinachomzuia ndani, na hujaniambia. Ni nini?”

Nilikunyang’anya telefone. Nikairudia ile sauti, nikairudia tena. Mtu wa Kalemie, ambaye hajakanyaga mtaa wetu, amejuaje kwamba mama yangu hakuwa mgonjwa? Nikajua kuna mtu wa hapa anampelekea habari. Nikatafuta kichwani nani alikuwapo siku ile na nani ana mdomo, na nikamkuta mtu mmoja. Nilichukua kalenda zako nikaziweka kwapani, nikatoka. Uliniita, “Baba, unaenda wapi?”

Mama Byamungu alikuwa anapika unga. Nilikwenda pale kumuuliza amemwambia nini mwanamke wa Kalemie. Lakini mimi huwa siulizi moja kwa moja, nataka kwanza mtu ajitoe mwenyewe. Nikamtandikia michoro kwenye mkeka, nikasema, tazama kazi ya Nabintu, halafu nikamtazama mikono.

Aliangalia taratibu, mwiko bado uko mkononi. Kwenye mawe alitikisa kichwa. Kwenye maji aliguna. Alijiona mwenyewe anakimbia na mtoto mgongoni, akatabasamu kidogo. Halafu akafika kwa Koko kitandani.

“Huyu ni nani?”

“Ni Koko.”

“Iko mugonjwa?”

“Ni michoro tu, Mama Byamungu.”

Aliweka mwiko chini. “Baba Nabintu, Koko hakukuwa mugonjwa. Asubuhi ile alinipita kwa robine ya maji, na bidoni yake imejaa kichwani. Hii video mutaionyesha wapi?”

“Parokia.”

“Mbele ya batu yote.”

“Ndiyo.”

Sijawahi kumwona mama yule akilia, hata kwenye kilio cha mume wake. “Weye ulikuwa kazini,” alisema. “Weye hukuona. Nilipiga ule mulango mpaka mikono ikavimba. Sasa michoro yenu iko nasema nini? Iko nasema minye nilifika kwa mulango ya mugonjwa, nikamusikia iko ndani, nikamuacha kwa maji, nikaenda. Batoto yangu wataketi pale parokia, wataona mama yao njo alifanya vile. Nilikukosea nini, Baba Nabintu?”

Ugali ulianza kuungua na hakuna aliyeugeuza. Lile swali nililokuja nalo sikuliuliza. Niliona mwenyewe kwamba mwanamke huyu hakumwambia mtu kitu, alikuwa hajui hata kwamba tumeandika uongo. Nilikunja kalenda. Nilimwambia tutarekebisha.

Nilikukuta pale pale kwenye ngazi.

“Mchore kama alivyokuwa,” nikasema.

“Na mabati, Baba?”

“Na mabati.”

Ulichora kwa siku kadhaa na hukunionyesha. Ulipomaliza, kitanda kilikuwa kimeondoka. Palikuwa na mkono wa Koko kwenye komeo, mkubwa, umejaza kisanduku kizima. Halafu jicho lake kwenye ufa wa mlango. Halafu uso wa Mama Byamungu upande wa pili, mdomo wazi. Halafu paa, kwa muda mfupi, la zamani, lisilo na bati hata moja, na watoto wamesimama chini yake wanatazama mbingu. Katika wale watoto nilijiona. Sikuwahi kukuhadithia kwamba tulisimama hivyo. Labda Koko alikuhadithia.

Yule baba mwenye kofia hakuwepo tena. Sikuuliza. Video nimeitazama mara nyingi tangu hapo nikitafuta pengo lake, na pengo silioni.

Ukamtumia Madamu yote. Jibu lake la kwanza lilikuwa fupi: “Sasa naogopa.” Halafu likaja lingine refu, na hapo nataka ukumbuke vizuri ulivyofanya. Alisema yule mama mwenye mtoto mgongoni anapunguza mbio, afadhali umweke kijana, kijana anakimbia vizuri kwenye kamera. Mimi nilisubiri kuona. Uliweka telefone mdomoni ukasema, “Madamu, hapana. Alikuwa mama na mtoto mgongoni. Njo maana hakuweza kubaki.” Hukueleza zaidi. Kukawa kimya mpaka kesho yake, na mimi nikajiambia, sasa tutamwona, mtu mwenye nia yake hapendi kukataliwa. Ile kesho alisema, “Uko na haki. Mwache mama. Nilitazama mbio, sikutazama mtoto.”

Hapo ndipo nilipompa ile nusu ya imani.

Vijana wa parokia waliipiga video kwa kufuata visanduku vyako, na siku ya kuonyesha nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na mlango wa uwanja wa parokia, nikitazama watu badala ya shuka la kuonyeshea video. Mawe yalipoanza kusikika kwenye giza, watu wa mbele walivuta miguu yao ndani ya viti. Koko aliposema nawajua nyinyi, nilisubiri mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Mama Byamungu alikuwa katikati ya watoto wake, na mdogo wao alimpandia mapajani, ingawa ameshakuwa mkubwa vile.

Taa ziliporudi, mzee Ruben wa nyumba ya kona alisimama na fimbo yake. “Mutoto amefanya kazi,” alisema. “Lakini minye ningefunga vile vile. Nitajuaje kama mwenye kupiga kelele si mwizi?”

Vijana wa parokia walianza kumweleza mambo ya ushirikiano, na mzee akaanza kuketi, amechoka. Nikajikuta nasema kutoka nyuma, mimi ambaye siongeagi mbele ya watu, kwamba mzee ameuliza swali la kweli na ajibiwe. Mama Byamungu akasema, “Papa Ruben, sauti yangu unaijua.” Mzee akasema, “Yako naijua.” Kutoka hapo watu wakaanza kutaja, nyumba kwa nyumba, kila mmoja sauti moja ambayo akiisikia usiku au mchana atafungua bila kuuliza. Padri alipoufikia mlango wa uwanja akaniuliza, na wewe? Nikasema, Mama Byamungu. Hakugeuka kunitazama, lakini alisikia.

Mvua zilizofuata mto ulipanda tena. Ulikuwapo, ulimwona mzee Ruben anatoka na bata kwapani, anamgombeza Mama Byamungu kwamba amechelewa kumwita. Maji yaliingia nyumba za chini na kuharibu vitu. Watu hayakuwachukua.

Kwa hiyo mwanamke yule alipokupigia kukuomba ukafanye naye kazi, nilikuwa nimeishiwa sababu za kusema hapana, na nikazitafuta nyingine. Nilitaka nione uso wake kwenye telefone. Nikauona. Nilitaka nione ofisi. Akazungusha telefone, nikaona meza, kamera mbili, ndoo ya maji, msichana anayekula karanga. Nikamtuma binamu wa mama yako aende kusimama nje ya hapo mahali asubuhi nzima. Binamu alisema watu wanaingia na kutoka wakicheka, na kwamba mimi nina deni naye la chakula cha mchana. Bado nina mashaka. Ukifika, tazama wanaofanya kazi kwake, tazama kama wanamwambia hapana na bado wapo kesho yake. Michoro yako ya asili ikae kwako, mpe picha. Na siku akikusifu kila kisanduku, kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho, siku hiyo nipigie, maana hapo hakutazama.

Mimi katika michoro yako hasira ilinipanda mara mbili. Mara moja alipogusa kofia yangu, hiyo ilikuwa majivuno na imepita. Mara ya pili alipogusa mkono wa Koko, na pale ndipo tulipokuwa tumedanganya. Mtu akigusa kazi yako na ukasikia moto, usimjibu siku hiyo. Angalia kwanza amegusa wapi. Hicho tu ndicho ninacho, na nilikipata kwa kumliza jirani.

Leo mchana, mlipokuwa mnajiandaa, nilimpigia Madamu Odile mwenyewe, kwa mara ya kwanza bila wewe. Nilimuuliza bila kuzunguka. “Mama, juu ya nini unamutaka mutoto wangu?”

Alikohoa kidogo, yale mafua yake hayaishi. “Baba,” alisema, “nimeangalia michoro ya watu wengi. Ukimwambia mtu hiki si kweli, wengine wanalia, wengine wanatukana. Yeye alikwenda akatafuta kilicho kweli, halafu akarudi akanikatalia mahali nilipokosea. Sasa nikuulize na mimi. Kama ungekuwa na mtu wa hivyo karibu yako kila siku, weye ungekubali aende?”

Nilimwambia kredi ya telefone inaisha, nikakata. Kredi ilikuwepo.

Nasikia sauti yenu kwenye njia, na mama yako anacheka, kwa hiyo shangazi amewapa pombe ya ndizi. Nakunja karatasi hii sasa hivi, naiingiza katikati ya nguo zako. Kesho nitakusindikiza mpaka kwenye meli Kalundu. Nikianza kumuuliza kapita, msimamizi wa meli, maswali, nivute shati, nitaacha.

Baba yako.